THAWABU ZA MUUGUZI HAZIFUTI DENI LETU KWAKE

Bismillahi Rahmani Rahim.



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuponya, ambaye hakuna aponyaye ila Yeye. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu yangu, dada yangu katika imani, leo tukae kitako tulizungumze neno moja ambalo tunalisema sana bila kulipima. Neno lenyewe ni hili: "Sista, utalipwa na Allah."

Likitoka kwa mgonjwa aliyelala kitandani, hana kitu mfukoni, hilo ni dua, na ni dua njema. Muuguzi analipokea na moyo wake unapoa. Tatizo linaanza pale neno hilohilo linapotoka kwa mtu mwenye uwezo wa kulipa. Mwenye hospitali anaambiwa kuwa muuguzi wake amefanya zamu mbili mfululizo. Kiongozi anaambiwa kuwa posho za usiku hazijatoka miezi kadhaa. Kamati ya zahanati inaambiwa kuwa binti anayejitolea pale wodini mwaka wa pili huu hana hata nauli. Wote wanajibu jibu moja: "Hii kazi ni wito, malipo yake yako kwa Allah."

Hapo, ndugu yangu, dua imegeuzwa kuwa njia ya kukwepa deni.

Darasa la leo lina jambo moja tu, ukilishika hilo umeshika lote: thawabu za muuguzi ziko kwa Allah na hazina shaka, lakini haki yake ya duniani iko shingoni mwetu, na hizo thawabu haziifuti.

*KWANZA: TUMJUE HUYU TUNAYEMZUNGUMZIA*

Daktari hupita wodini asubuhi, akaandika kwenye faili, akaendelea na wagonjwa wengine. Si kosa lake, ndiyo kazi yake ilivyo. Anayebaki na wewe ni muuguzi. Yeye ndiye anayekuja saa nane za usiku kubadilisha dripu. Yeye ndiye anayemgeuza mzee aliyepooza asije akapata vidonda vya mgongo. Yeye ndiye anayepima presha, anayetoa dawa kwa saa yake, anayesafisha haja ya mtu ambaye watoto wake wenyewe wamesimama nje wameziba pua. Na roho inapotoka usiku wa manane, mara nyingi mtu wa mwisho kumshika mkono marehemu wetu ni muuguzi.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu wauguzi mwaka 2020. Likahesabu wauguzi karibu milioni 28 duniani kote, na likaona wanapungua karibu milioni 6. Pengo hilo sehemu kubwa liko katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu. Ripoti hiyohiyo ikasema katika kila wauguzi 10, karibu 9 ni wanawake.

Zingatia hapo. Tunapozungumzia hali ya wauguzi, tunamzungumzia mama mwenye mtoto anayenyonya, binti aliyeacha nyumba yake saa moja jioni, mke ambaye akitoka zamu asubuhi anakuta ndoo za nguo zinamsubiri. Ni dada zetu na mabinti zetu hawa. Wengine ndio waliokuzalishia mkeo.

*PILI: DINI YETU ILIWAPA HESHIMA, NA ILIWAPA CHAO*

Wengi wetu tunamjua Bibi Rufaida wa kabila la Aslam (R.A.), aliyekuwa akitibu majeruhi. Alipojeruhiwa Saad bin Muadh (R.A.) katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye kumtembelea. Wanahistoria wa Sira wanasema hema lile lilikuwa la Rufaida. Naye Ummu Atiyya (R.A.) anasimulia katika Sahih Muslim kuwa alitoka na Mtume (S.A.W.) katika vita saba, akibaki nyuma kambini kupika chakula, kutibu majeruhi na kuwaangalia wagonjwa.

Masheikh tunayasimulia haya kila mwaka, na tunaishia kusema: "Mnaona? Walifanya kwa ajili ya Allah." Ni kweli. Lakini kipo kipande ambacho hatukisomi.

Katika Sahih Muslim kuna barua ya Ibn Abbas (R.A.) aliyomjibu Najda. Najda aliuliza kama Mtume (S.A.W.) alikuwa akitoka na wanawake vitani. Ibn Abbas akajibu kuwa ndiyo, alitoka nao, wakawatibu majeruhi, na wakapewa kitu katika mali ya ngawira, ingawa hawakuwekewa fungu kamili kama la wapiganaji.

Subhanallah! Wanawake wale walitoka kwa hiari yao. Nia yao ilikuwa safi kuliko nia zetu sote. Malipo yao ya Akhera hayakuwa na shaka. Na bado Mtume wa Allah (S.A.W.) hakuwaambia kuwa thawabu zinawatosha. Aliwapa. Na yule Rufaida hakuambiwa ajibanze kwenye kona na majeruhi wake. Alipata mahali pa kufanyia kazi, tena ndani ya msikiti wa Mtume, katikati ya mji.

Kama hao walipewa cha mkononi juu ya thawabu zao, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumwambia muuguzi wa leo, aliyeajiriwa kwa mkataba, kwamba asubiri Akhera?

*TATU: MKATABA WA MADYAN*

Fungua Suratul Qasas, aya ya 26 mpaka ya 28. Nabii Musa (A.S.) amefika Madyan, mkimbizi, hana kazi wala makazi. Binti anamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mwajiriwa bora ni yule mwenye nguvu na mwaminifu. Tunaipenda sana sehemu hiyo, maana inamtaka mfanyakazi awe na sifa.

Sasa endelea kusoma. Yule mzee anamwambia nini Musa? Anamtajia *malipo*. Anamtajia *muda*, miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake. Kisha anaongeza la tatu, kwamba hataki *kumtaabisha*.

Mambo matatu ndugu yangu: malipo yajulikane, muda ujulikane, na mwajiri aahidi kutomtaabisha mtu. Yalisemwa kwenye kazi ya kuchunga mifugo. Je, kazi ya kuchunga roho za watu? Tuwapime wauguzi wetu kwa mizani hiyo.

*Malipo.* Katika Sahih Bukhari, hadithi Qudsi, Allah anasema kuwa Siku ya Kiyama Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake yote, asimpe ujira wake. Na Ibn Majah amepokea maagizo ya Mtume (S.A.W.) kuwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Muuguzi anayedai posho za mwaka jana, jasho lake limekauka lini?

Na hapa niseme juu ya hawa vijana "wanaojitolea". Mhitimu amemaliza chuo, hana ajira, anapokelewa wodini bila mshahara huku akiahidiwa kuwa nafasi zikitoka ataangaliwa. Anafanya zamu zote, usiku na mchana, sawa na walioajiriwa. Kujitolea ni kwa mtu mwenye hiari. Huyu hana hiari, ana shida. Ukitaka kumsaidia apate uzoefu ni jambo jema, lakini mpe nauli, mpe chakula, mpe muda wenye mwisho unaojulikana. Kumtumia miaka kwa sababu tu ana shida, huko ni kuila nguvu yake.

*Muda.* Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Ukijumlisha na muda wa ziada zisizidi 12 kwa siku. Anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Kila wiki awe na saa 24 za kupumzika. Saa za usiku ziongezewe malipo. Mama aliyejifungua apewe likizo ya siku 84, na akirudi apewe nafasi ya kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku. Hii ni sheria ya nchi, na Muislamu ameamrishwa mwanzoni kabisa mwa Suratul Maida atimize mikataba.

Sasa muulize nesi unayemfahamu: mara ya mwisho kupata hiyo saa moja ya kupumzika ilikuwa lini? Wengi watakwambia chakula chao wanakila wamesimama, nusu sahani, simu ya wodini inaita. Mama anayenyonyesha anakwenda kukamulia maziwa chooni. Allah katika Suratun Nabaa ameutaja usingizi kuwa ni mapumziko na usiku kuwa ni vazi. Anayelivua vazi hilo kwa ajili yetu anastahiki arudishiwe usingizi wake mchana, asipigiwe simu saa nne asubuhi kuambiwa, "Mwenzako hajaja, njoo uzibe pengo."

*Kutotaabishwa.* Hapa ndipo penye uzito. Abu Dharr (R.A.) amepokea, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (S.A.W.) amesema walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tusiwatwike yanayowashinda, na tukiwatwika basi tuwasaidie. Tazama hekima yake. Mtume (S.A.W.) anajua zitakuja siku za dharura ambapo kazi itamzidi mtu. Hakusema siku hiyo mtu akae tu na ikhlasi yake. Alisema *msaidieni*.

Utasema, "Sheikh, muuguzi mmoja na wagonjwa wengi ni hali ya kawaida, wamezoea." Sikiliza. Mwaka 2002 mtafiti Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waliwaangalia wagonjwa wa upasuaji. Wakakuta kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja juu ya wale alionao, uwezekano wa wagonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Mgonjwa mmoja tu! Na uchovu mkali wa kazi kwa wauguzi nao ulipanda, kwa asilimia 23. Jimbo jingine la nchi hiyo, California, likaweka kikomo kwa sheria: tangu 2005, katika wodi za kawaida za watu wazima, muuguzi mmoja asiwe na wagonjwa zaidi ya 5.

Najua Marekani si kwetu, na fedha zao si zetu. Lakini macho ya mwanadamu ni mawili kila mahali. Kama huko kwenye mashine za kila aina mgonjwa mmoja wa ziada analeta tofauti ya uhai na kifo, itakuwaje kwenye wodi ambayo muuguzi mmoja ana wagonjwa thelathini, wengine vitandani, wengine chini kwenye magodoro, na usiku huo umeme umekatika?

Kwa hiyo ukimtaabisha muuguzi hujamdhulumu peke yake. Umemdhulumu na mgonjwa. Suratul Maida aya ya 32 imetufundisha uzito wa kuihuisha nafsi moja na uzito wa kuiangamiza. Mwajiri anayebana nafasi za ajira ili abakize fedha ajiulize anabakiza nini hasa.

*NNE: HATARI WANAZOBEBA*

Mtume (S.A.W.) ameweka kanuni kubwa: hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kanuni hii inaingia hospitali kabla ya kuingia popote.

Muuguzi akijichoma na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, dakika ile maisha yake yamesimama. Kama mgonjwa ana virusi vya Ukimwi, inabidi aanze dawa za kinga haraka, isizidi saa 72, na azimeze siku 28. Hizo ni siku 28 za kichefuchefu na hofu, na pengine hajamwambia hata mumewe. Homa ya ini aina ya B inaambukiza kwa sindano kwa urahisi zaidi kuliko Ukimwi, na chanjo yake ipo, inajulikana. Basi kumwingiza mtu wodini bila kumchanja, bila glavu za kutosha, bila kisanduku salama cha kutupia sindano, ni kumdhuru. Wala usimwambie atawakali. Mtume (S.A.W.) alimfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza kisha ndipo atawakali, kama alivyopokea Tirmidhi. Glavu ndiyo kamba yenyewe.

Kisha kuna hatari ya midomo na mikono yetu. Matusi. Kusukumwa. Kurekodiwa kwa simu na kurushwa mitandaoni kabla hata hatujajua kilichotokea. Mtu amefiwa, uchungu umempanda, wa kwanza anayemwona ni nesi, anamrukia. Ndugu yangu, msiba wako ni mzito na Allah akupe subira, lakini ajali haikuletwa na sista. Wala si yeye aliyeandika kwamba dawa haipo. Yeye ndiye aliyewekwa mbele kaunta akuambie, na waliosababisha ikosekane wamelala makwao.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza uchovu huu unaotokana na kazi kwa alama tatu: mtu kuishiwa nguvu kabisa, moyo wake kujitenga na kazi yake, na kuona hafanyi tena lolote la maana. Soma hizo alama tena. Anayezibeba si mvivu wala hana "upungufu wa imani". Ni mtu aliyekamuliwa.

*TANO: "LAKINI SHEIKH, WAUGUZI WANA KAULI MBAYA"*

Najua kuna wengi mnaosoma huku mkisema hivyo kimoyomoyo, na mna haki. Wako akina mama waliotukanwa leba wakiwa na uchungu. Wako waliopigwa makofi. Wako walioombwa "chai" kabla ya kuguswa. Hayo ni haramu, bila kona kona. Anayemdhalilisha mwanamke katika saa ile amemdhulumu mtu aliye baina ya uhai na mauti, na dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Allah. Uchovu haumhalalishii mtu kutukana wala kupiga, sawa na njaa isivyomhalalishia kila mtu kuiba.

Lakini ukiwa mtu wa kutengeneza, hutaishia kulaani. Utauliza pia: kwa nini wodi ile kila anayeingia anakuwa mkali baada ya miaka miwili? Walitoka chuoni wakiwa wapole. Nini kiliwageuza? Ukimwadhibu mmoja ukaiacha wodi vilevile, umemwandaa mwingine.

Suratul Mutaffifin inawaonya wanaotaka kupimiwa kikamilifu, na wao wakipima wanapunja. Aya hizi zinashika pande mbili. Muuguzi anayepokea mshahara kamili kisha anatoroka zamu na kukaa kwenye simu wakati mgonjwa anaita, amepunja. Na mwajiri anayetaka kazi kamili, tabasamu kamili, usafi kamili, kisha anatoa malipo nusu na watumishi nusu, naye amepunja. Tusimsomee sura hii mmoja tukamwachia mwingine.

Jirani zetu Kenya walionja matunda ya kupunjana huku. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma tangu Juni mpaka mwanzoni mwa Novemba, karibu miezi mitano, ugomvi mkubwa ukiwa juu ya makubaliano ya maslahi yao. Mwenye fedha alikwenda hospitali binafsi. Maskini ndiye aliyerudi nyumbani na mgonjwa wake mgongoni. Haki ya muuguzi ikiachwa mpaka ioze, bei yake inalipwa na mnyonge.

*SITA: TUFANYE NINI?*

Darasa lisilo na kazi ya kufanya ni maneno matupu. Basi kila mmoja achukue lake.

*Wewe mgonjwa na jamaa wa mgonjwa:* Ingia na salamu. Jua jina la muuguzi wako. Usiende watu kumi kwa mgonjwa mmoja, mkakaa kitandani mkizuia kazi. Kumtembelea mgonjwa ni ibada kubwa, na adabu yake ni kutorefusha. Jamaa yenu akiwa hoi, pangeni zamu za kumlisha na kumgeuza, msiache yote kwa sista mmoja. Mkiruhusiwa kurudi nyumbani, rudini kaunta mseme asante. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Ukiwa na lalamiko lipeleke kwa matroni au uongozi, kwa maneno ya mtu mzima.

*Wewe mume wa muuguzi:* Mkeo akitoka zamu ya usiku, nyumba inyamaze. Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake, Bibi Aisha (R.A.) ametusimulia. Ukipika chai ya asubuhi hujapungua kitu.

*Wenye hospitali na zahanati zetu za Kiislamu:* Nyinyi hesabu yenu ni nzito zaidi, maana mmelitundika jina la Uislamu mlangoni. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake kubwa Cairo mwaka 1284, aliiwekea waqfu, na mapato ya waqfu yaliwalipa matabibu pamoja na wahudumu, wanaume kwa wodi za wanaume na wanawake kwa wodi za wanawake. Hawakujenga kuta kisha wakawaambia wahudumu wavumilie. Walijua kuwa hospitali ni watu kabla ya majengo. Nasi tunapochangisha, tunachangisha jengo, tunakata utepe, tunapiga picha. Nani ameweka waqfu wa mishahara? Nani ameweka maduka mawili ambayo kodi yake inalipa muuguzi mmoja zaidi wa usiku?

*Kamati za misikiti na matajiri wetu:* Nendeni hospitali iliyo karibu, muulize uongozi wauguzi wanapumzika wapi. Mara nyingi mtaoneshwa kiti kimoja kilichovunjika nyuma ya stoo. Chumba kidogo chenye kitanda, maji safi, choo kinachofungika, sehemu ya kuswalia na sehemu ya mama kukamua maziwa, ni sadaka yenye kuendelea. Usafiri salama wa zamu ya usiku nao ni sadaka. Kila mgonjwa atakayeangaliwa na muuguzi aliyepumzika, nawe una fungu lako inshaallah.

*Viongozi na wenye mamlaka:* Kila mmoja wenu ni mchungaji na ataulizwa juu ya alichokichunga. Kauli ya "wito" iacheni mtu mwenyewe aiseme juu ya nafsi yake. Yenu nyinyi ni ajira, malipo kwa wakati, vifaa na ulinzi.

*SABA: NENO KWAKO WEWE MUUGUZI*

Dada yangu, kaka yangu, najua mnasoma pia, wengine mkiwa zamu sasa hivi.

Nia yako isafishe kila unapovaa sare, kwa sababu kazi ileile inaweza kuwa ibada au uchovu mtupu, na tofauti ni nia. Lakini usidanganywe kuwa ukidai haki yako nia imeharibika. Nabii Musa (A.S.) alikubaliana malipo na masharti na hakupungukiwa na cheo chake. Dai kwa adabu, kwa pamoja, kwa njia zinazojulikana, bila kumwacha aliye mahututi.

Mwili wako una haki juu yako. Mtume (S.A.W.) alimwambia hivyo Abdullah bin Amr (R.A.), ambaye alikuwa akijichosha kwa *swala na funga*. Ikiwa ibada yenyewe ilipewa kikomo kwa ajili ya mwili, je, zamu ya tatu mfululizo?

Mnauliza sana kuhusu swala. Asili ni kuswali kwa wakati wake, na mwajiri akupe hizo dakika. Lakini ukiwa katika chumba cha upasuaji au na mama anayetokwa damu, huwezi kumwacha. Ibn Abbas (R.A.) amesimulia katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, akiwa Madina, ili asiutie uzito umma wake. Wapo wanachuoni, akiwemo Ibn al-Mundhir, waliochukua kutokana na hapo ruhusa ya kukusanya kwa haja, madamu haikufanywa mazoea. Zungumza na mwanachuoni unayemwamini, usiache swala ikapotea ukijitia udhuru, na usimwache mgonjwa akafa ukidhani ndiyo uchamungu.

Na ukiona zile alama tatu nilizotaja zimekuingia, huna usingizi, unalia njiani kurudi nyumbani, wagonjwa umeanza kuwaona kama mizigo, usinyamaze. Mwambie mwenzako, mwambie mkubwa wako, tafuta daktari. Wewe unayewaambia watu kila siku waje hospitali mapema, njoo mapema nawe.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Mponyaji. Waponye wagonjwa wetu. Walipe wanaokesha kwa ajili yao malipo yasiyo na hesabu. Na sisi tunaodaiwa haki zao, usituchukue roho mpaka tuwe tumezilipa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie hili daktari mfawidhi unayemjua, mwenye zahanati unayemjua, na muuguzi unayemjua. Na huyo wa mwisho ukimtumia, muulize kwanza kama amekula.